Daftari la Zamu

Ndugu msomaji, ndani ya sanduku langu la bati, chini ya vyeti vya watoto na stakabadhi za kahawa, limo daftari moja lenye jalada gumu. Juu ya jalada nimeandika kwa mkono wangu maneno "Ulinzi wa Usiku". Nilianza kuliandika mwaka 1990, nilipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji chetu, hapa Kemondo, na maandishi yake yanaishia mwezi Mei 1996. Kila usiku una mistari yake: tarehe, majina sita ya watu wa zamu, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na nafasi ya kueleza yaliyotokea. Mara nyingi katika nafasi hiyo lipo neno moja tu: salama.

Upo usiku mmoja wa mwaka 1991 ambao haumo katika daftari hilo. Nitaeleza kwa nini haumo. Lakini kabla ya hapo sina budi kueleza jinsi watu wa migomba na kahawa walivyojikuta wakifanya kazi ya polisi. Vijana wengi siku hizi hudhani kwamba idadi ya askari katika kata ni jambo la kuamuliwa na halmashauri, kama vile zahanati au vyumba vya madarasa, nao humlaumu diwani kwa jambo ambalo halimo mikononi mwake. Historia yake ni ndefu, na inafaa kujulikana.

Upande wetu huu zamani ulikuwa katika dola ya Kianja. Kanazi, palipokuwa na ikulu ya Mkama Kahigi, si mbali na Kemondo. Boma la Wajerumani lilipoanzishwa Bukoba mwaka 1890, kila Mkama alikuwa tayari na watu wake wa kutekeleza amri, na kila kijiji kilikuwa na mkungu wake. Hata hivyo ulinzi wa usiku haukuwa kazi ya mshahara. Mtu alipovamiwa alipiga enduru, ule ukelele wa kuomba msaada, na kila mwanamume aliyeusikia alipaswa kutoka na mkuki wake. Asiyetoka aliulizwa asubuhi mbele ya wazee. Babu yangu alikuwa akituambia kwamba anayesikia enduru akajifunika blanketi, huyo naye ni mwizi.

Waingereza walipoichukua nchi waliunda Polisi ya Tanganyika mwaka 1919, makao makuu yake ya kwanza yakiwa Lushoto. Askari hao walikuwa hasa wa miji na maboma. Vijijini serikali iliwaachia watawala wa jadi, na utaratibu huo ukatiwa nguvu na sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Huku kwetu Mkama akawa na hazina, baraza, gombolola zenye makarani, na matarishi waliolipwa kutokana na hazina hiyo. Tarishi ndiye aliyekamata, ndiye aliyepeleka mtu barazani, na karani ndiye aliyeandika.

Tarishi alikuwa mtu wa karibu. Ukoo wake ulijulikana, na kibanja chake kilijulikana. Lakini hakuwajibika kwa wale aliowalinda. Yeye aliwajibika kwa Mkama, na Mkama aliwajibika kwa mkuu wa wilaya wa Kizungu. Mwaka 1937, watu wa Bukoba walipoyapinga masharti mapya ya kilimo cha kahawa, wakulima waliona wazi kwamba nguvu za baraza zilikuwa upande wa amri na si upande wao. Mtu wa karibu anaweza kuwa mbali nawe, ikiwa anayempa kazi ni mwingine.

Baada ya Uhuru madaraka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na matarishi wao wakaondoka. Halmashauri za wilaya zilizoshika kazi nyingi za mabaraza hazikupewa polisi. Polisi ilibaki chombo cha serikali kuu, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na Mkuu wa Jeshi la Polisi ndiye mwenye kauli kuhusu askari gani akae wapi. Kisha mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri zenyewe zikavunjwa. Kwa zaidi ya miaka kumi wilaya ikaendeshwa na maofisa walioteuliwa. Kijijini tukabaki na balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa kiongozi wa chama, na mgambo, aliyetambuliwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Mgambo huyo hatuwezi kumbeza sisi wa Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwezi Oktoba 1978 na kuikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, maelfu ya mgambo walichukua bunduki wakaenda vitani pamoja na wanajeshi. Vita vilikwisha mwaka 1979, ila silaha nyingine zilibaki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Ujambazi tuliokuwa tukiusikia kwa mbali ukatufikia barabarani na ziwani.

Halmashauri za wilaya zilirudi mwaka 1984, kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Sheria Na. 7 ya mwaka huo iliagiza kijiji kiwe na kamati zake, mojawapo ikiwa ya ulinzi na usalama. Ukiisoma utaona jambo la ajabu kidogo: kijiji kimepewa wajibu wa usalama, lakini hakikupewa askari hata mmoja. Halmashauri nayo ilikuwa na mgambo wake, lakini wengi wao tuliwaona siku za gulio, wamefunga njia kwa mti, wakiuliza stakabadhi za kodi ya maendeleo. Kodi ile ilidumu mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Kwa miaka hiyo yote mwanakijiji aliyeona sare mchana alikwepa kupitia migombani. Usiku, alipoihitaji, hakuiona.

Wakati huohuo huko Shinyanga na Tabora ulikuwa umezuka ulinzi wa sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wasukuma na Wanyamwezi, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na mauaji ya barabarani, walijiunda wenyewe kwa pinde na mishale, wakachagua makamanda wao, wakaanza kukamata na kuadhibu. Serikali ilivutwa huku na huku. Wengine katika sungusungu walisifiwa hadharani, na wengine walifikishwa mahakamani kwa kuua na kutesa. Mwishowe, mwaka 1989, Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuvipa vikundi hivyo mamlaka ya kukamata yanayofanana na ya askari polisi. Mwaka 1990 Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliyapeleka mambo hayo mpaka katika mitaa ya Dar es Salaam.

Mkutano mkuu wa kijiji chetu ulikaa mwaka huo wa 1990. Kemondo ni bandari. Meli zinapokuja kupakia kahawa na ndizi za kwenda Mwanza, wageni hupita usiku kucha, na huwezi kumjua mwema na mbaya. Injini za mitumbwi zilikuwa zikiibwa. Kahawa ilikuwa ikichumwa na wezi ingali mbichi mtini. Kituo cha polisi tulichokitegemea kilikuwa na askari wa kuhesabika kwa vidole, na gari hakikuwa nalo. Tulikuwa tumeomba kuongezewa askari, na jibu lilikuwa la adabu: maombi yamepokelewa. Kwa kuwa hatukuweza kuamua idadi ya askari, tuliamua kile kilichokuwa chetu, yaani usingizi wetu. Kila mwanamume mwenye afya alipangiwa usiku mmoja kwa juma. Asiyefika angetoa faini. Wajane na wagonjwa walisamehewa.

Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilisimama nikaongeza shauri moja: kila atakayekamatwa aandikwe katika daftari, jina lake, saa, mahali, na sababu, kisha afikishwe kituoni kabla ya adhuhuri. Shauri lilipita bila ubishi. Ndipo nikachaguliwa katibu, maana aliyetaka daftari aliambiwa alishike.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Sidanganyi nikisema tulilala vizuri zaidi tulipokuwa tukikesha, kwa kuwa zile siku sita zilizobaki tulijua nani yuko nje. Wizi wa kahawa ulipungua sana. Watu waliogombana kwa mipaka ya vibanja walijikuta wamewasha moto mmoja usiku wa manane, wakichoma ndizi na kuzungumza.

Usiku ninaousema ulikuwa wa mwezi Juni 1991, msimu wa kahawa. Tulikuwa watu sita, nami nikiwa mmojawapo. Karibu saa tisa tulimkuta kijana akitoka njia ya ndani na gunia la kahawa begani. Hakuwa wa kijiji chetu. Alisema kahawa ni ya shangazi yake, na kwamba anaiwahisha kwa mtu mwenye gari. Mmoja wetu alikuwa ameibiwa kahawa juma lililotangulia. Akauliza ni kahawa gani hiyo inayosafirishwa usiku kama maiti ya mchawi. Nilitoa daftari nikamuuliza kijana jina lake, naye akalitaja. Ndipo mkuu wa zamu aliponiambia, "Mwalimu, leo usiandike. Tukimpeleka kituoni, kesho kutwa tutakutana naye sokoni anatucheka."

Sikuandika. Nilirudisha kalamu mfukoni, nikashika taa.

Sitaeleza yaliyofuata zaidi ya kusema kwamba zilikuwa fimbo na ubapa wa panga, na kwamba goti lake la kulia halikupona tena. Alfajiri tulimwacha kando ya barabara kuu, na gunia lake tukalipeleka kwa mwenyekiti. Katika daftari nilianza usiku uliofuata, kana kwamba kati ya tarehe mbili hizo jua halikutua.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja wa makamo nyumbani kwangu. Alipiga magoti kunisalimu kama desturi yetu ilivyo, kisha akasema, "Mwalimu, waitu, nimeambiwa wewe ndiye unayeandika. Nimekuja uniambie mlimwandika kosa gani mtoto wa kaka yangu." Alikuwa amefika na karatasi ya mnunuzi wa kahawa, kuonyesha kwamba kahawa ilikuwa yake. Nilifungua daftari mbele yake, nikijua kwamba halina kitu, nikajifanya natafuta. Mama yule hakujua kusoma. Alinitazama usoni badala ya kutazama ukurasa, na nadhani alisoma vizuri zaidi kuliko mimi.

Alikwenda mpaka polisi. Huko aliulizwa nani walimkamata, usiku gani, na kwa amri ya nani. Hapakuwa na maandishi yoyote, na sisi sita hatukuwa na la kusema. Malalamiko yakaisha hivyo. Gunia lilirudishwa, likiwa limepungua.

Tangu hapo nimekuwa nikiyafikiri mambo haya ya polisi na ulinzi kwa namna nyingine. Zamani nilidhani shida yetu ni uchache wa askari. Uchache huo ni kweli, wala siufichi. Lakini usiku ule walinzi walikuwa sita kwa mtu mmoja, na usalama haukuwapo. Mlinzi asiyeandika hana wa kumuuliza, awe ametoka makao makuu au awe jirani yako aliyechaguliwa kwa kura za mkono.

Mambo mawili ya miaka iliyofuata yalinithibitishia hilo. La kwanza ni la wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki moja na nusu kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Makambi yalifunguliwa, na polisi walihitajika kule. Baadaye Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likawa linagharimia askari wa Tanzania waliolinda makambi katika mikoa hii ya magharibi. Siwalaumu, maana hatari ilikuwepo na wakimbizi walistahili ulinzi. Nasema tu kwamba tulijifunza askari hupangwaje: huenda palipo na tishio linaloonekana kutoka mbali, na palipo na wa kugharimia. Kijiji chenye wizi wa kahawa hakionekani kutoka mbali.

La pili ni meli. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 MV Bukoba iliondoka Bukoba kwenda Mwanza, ikapitia hapa Kemondo. Ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21 ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza, ikiwa imejaa kupita kiasi. Watu waliokufa huhesabiwa kuwa zaidi ya 800, na wapo wanaosema elfu moja. Nchi iliomboleza siku tatu, na tume ikaundwa chini ya Jaji Robert Kisanga. Idadi kamili haikupatikana, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina.

Jirani yangu mmoja alisafiri usiku huo. Zamu yake ilikuwa Jumatano. Jumatatu mchana alikuja kwangu kuniambia kwamba anapeleka ndizi Mwanza, na kwamba mdogo wake atashika nafasi yake. Nikaandika: "Amesafiri kwa meli, nafasi yake ameshika mdogo wake." Mwili wake haukuonekana. Mkewe alipotakiwa kuonyesha kwamba mumewe alikuwa melini, hakuwa na tiketi wala jina katika orodha yoyote. Alikuja kwangu, nami nikanakili mstari ule katika karatasi, mwenyekiti akagonga mhuri. Ndio mstari wa mwisho wa daftari. Baada ya msiba ule watu hawakuwa na moyo wa kukesha, na ulinzi wetu ukalegea.

Mstari mmoja ulimsaidia mjane yule kuthibitisha kifo cha mumewe, na mstari ambao sikuuandika ulimnyima shangazi yule haki ya mtoto wake. Yote mawili yametoka katika kalamu moja.

Mambo yamebadilika tangu siku zile. Kuanzia mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, tulianza kusikia habari za polisi jamii na ulinzi shirikishi. Katika miaka ya karibuni jeshi limekuwa likipeleka wakaguzi wa polisi mpaka katika kata. Ni hatua njema. Lakini mgawanyo wa msingi ni uleule. Wananchi wanaweza kuchanga matofali na mabati wakajenga kituo, hata hivyo kupanga askari wa kukaa humo si kazi yao wala ya halmashauri yao. Mkuu wa polisi wa wilaya anakaa katika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, mteule wa Rais. Hicho si kikao cha madiwani.

Sisemi kwamba polisi warudishwe mikononi mwa wakubwa wa mahali, tukawa tena na matarishi wa Mkama. Babu zetu walikwisha kuyaona hayo. Ninachosema ni kwamba tunapoomba askari tuombe pamoja na hesabu. Mkuu wa kituo na ajitokeze mbele ya madiwani aeleze amepokea malalamiko mangapi na amefanya nini. Kamati ya kijiji nayo, kabla ya kudai hesabu kwa wengine, isome daftari lake mbele ya mkutano mkuu, ambao sheria inataka ukae kila miezi mitatu: nani alikamatwa, lini, kwa kosa gani, na alipelekwa wapi. Kijiji kisichoweza kusoma daftari lake hadharani hakina kinywa cha kuilaumu polisi.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea yule kijana. Sasa ni mzee mwenye wajukuu, anatembea na mkongojo, na shangazi yake alikwisha kufariki. Nilimweleza kwamba nataka kuuandika usiku ule katika daftari, ikiwa ataniruhusu. Alinyamaza muda mrefu, akimwangalia mjukuu wake akianika kahawa. Kisha akasema, "Andika, Mwalimu. Lakini usiandike jina langu peke yangu. Andika na majina yenu."

Nilikuwa sikulifikiria hilo. Nilikuwa nimejiandaa kuandika jina la aliyekamatwa. Nilirudi nyumbani nikaandika tarehe, nikaandika saa, nikaandika kahawa ilikuwa ya nani, kisha majina sita. Wanne wamekwisha kufa, na watoto wao ni majirani zangu. Jina langu nililiweka la kwanza. Katika nafasi ya yaliyotokea niliandika yote, na mkutano mkuu ujao nimeomba dakika kumi za kuusoma ukurasa huo.

Majina yenyewe siyaweki katika kitabu hiki, kwa kuwa ni ya kusomwa kijijini mbele ya wenyewe. Wewe msomaji, ikiwa katika kijiji chako au mtaa wako kuna watu wanaokulinda usiku, wenye sare au wasio na sare, nakusihi uwaulize jambo moja kabla ya kuwauliza wako wangapi. Waulize daftari lao liko wapi.